Mnyororo wa Ekseli

Harufu ya viatu vya mpira vilivyopigwa na jua pale mtaani Nguba inanirudisha kando ya lori. Papa alikuwa amelala chini yake, akiinua chasi kwa jeki. Mimi niliachiwa kuchunga mpira wa hewa unaobeba chasi juu ya ekseli. Chasi ikipanda ekseli ikabaki chini, alisema, mpira utavutika hadi upasuke.

Niliona umerefuka. Au ni macho yangu? Nikikosea, atanicheka. Nikinyamaza je?

“Papa, toka! Mupira iko inavutika!”

Alitoka akicheka. “Eh, mutoto, unaogopa hata mupira? Haiwezi kuvutika. Nilifunga ekseli na munyororo ku chasi.”

Akainama anionyeshe. Mnyororo ulikuwa chini, haujafungwa popote, karibu na miguu yangu.

Akaacha kucheka. Akashusha jeki polepole, bila kuniangalia.