Asiyekula shukrani ya sindano ya pili

Saa tano asubuhi, katika kijiji kimoja nje ya Muheza, sufuria tatu za pilau zimetulia juu ya mafiga na majamvi yamekwisha kutandikwa. Hasina Mselem anashuka kwenye pikipiki, anajipangusa vumbi, anaitazama ile hekaheka.

"Sele, umeongeza mke bila kunialika?" anamchokoza mwenye nyumba.

"Wa pili nitamlisha nini, Bi Hasina? Hii shukrani ya Mwatumu. Karibu ndani, mwenye sherehe ni wewe."

Mwatumu, binti wa Sele, ana miaka sita. Mwezi uliopita uvimbe wa taya ulimpandisha shavu hadi jicho la kushoto likafichika. Leo anakimbizana na wenzake uani, uso umerudi. Amechomwa sindano mbili. Zinatakiwa sita, na ya tatu ilikuwa achomwe Jumatatu. Leo ni Alhamisi.

Hasina, mwenye miaka arobaini na saba, ni mfuatiliaji wa kikundi cha utafiti wa saratani za watoto jijini Tanga. Kwa miaka tisa amekuwa akiwasaka wanaokatiza tiba. Hulipwa posho ya shilingi elfu kumi na tano kwa siku anayotoka. "Siku nisiyotoka, nakula maneno yangu," anasema, na maneno anayo ya kutosha.

Kabla ya hapo alikuwa akifagia wodi ya watoto. Madaktari walikuwa na mafaili. Mfagiaji alijua kila mtoto anatoka kwa nani, na kwao kunapitiwa njia gani. Wakampokonya ufagio, wakampa fomu.

Sinia linatua mbele yake, paja la kuku limeelekezwa upande wake. Watu wanangoja aanze.

"Sili," anasema.

Pwani hii, kukataa chakula cha shukrani si utovu wa adabu tu. Ni kama kumwombea mtoto wa watu mabaya.

"Unatususia?" Sele anauliza kwa sauti ya chini.

"Pilau lako linanukia mpaka kwangu Chumbageni, mjini Tanga, na mimi nina njaa tangu alfajiri. Lakini sili kabla ya sindano ya sita. Tarehe ya shukrani si tuliiandika kwenye kadi?"

Mama yake Sele anajibu kutoka mlangoni. "Kadi ni yenu. Mimi niliweka nadhiri: uvimbe ukiondoka, napika. Umeondoka. Mtoto mzima huyu, dawa zenu zilimlaza siku tatu anatapika. Mnataka kumuua akiwa anacheza?"

"Shikamoo, mama," Hasina anasema. "Nadhiri ni haki yako, watu wale. Mimi nimemfuata Mwatumu."

Bibi haitikii.

Hapo ndipo Hasina anapowasimulia habari za Rahimu, na mzaha wote unamtoka.

Miaka minne iliyopita, Rahimu naye alichomwa sindano mbili, uvimbe ukayeyuka kama chumvi mchuzini. Ndivyo dawa hii ilivyo: huufuta uvimbe usoni upesi, ugonjwa ukabaki umejificha mwilini. Wazazi wakapika. Hasina akaalikwa, akala, akaomba na ukoko.

"Sindano ya tatu hawakuja. Nikampigia mama yake. Akaniambia kwa upole kabisa, 'Si ulikula na sisi, Bi Hasina? Tukajua yamekwisha.' Nilikula, mama. Kwa mkono huu. Wiki ya tisa tukamzika."

Baada ya matanga alizirudia nyumba hamsini na saba za watoto waliokatiza tiba. Kwenye fomu nyingi alikuwa ameandika "nauli". Safari hii aliuliza kuhusu chakula. Nyumba thelathini na moja zilikuwa zimefanya shukrani kabla ya sindano kuisha.

"Fomu ilikuwa na kisanduku cha nauli, cha umbali, cha mganga. Cha furaha hakikuwamo."

Dokta Fanueli, kiongozi wa kikundi, alimsikiliza. Tangu hapo, siku ya kwanza kabisa, familia hupanga tarehe ya shukrani nayo ikaandikwa kwenye kadi, baada ya sindano ya sita. Zamani karibu nusu ya watoto walipotea kabla ya kumaliza tiba. Sasa ni mmoja kati ya watano. Ripoti ilitoka ikasifiwa. Jina la Hasina halimo. Yamo maneno "wafanyakazi wa nyanjani".

"Nimo humo humo," anasema akicheka kidogo. "Nimejibana."

Sele ananawa mkono ambao haujagusa chakula, anamwita mwanawe. Nyuma yao mgeni mmoja ananong'ona, "Uchuro umeshaingia." Bibi amewapa mgongo.

Saa tisa alasiri, Mwatumu yuko kitandani hospitalini, sindano ya tatu ikipita kwenye dripu mkononi, analia akitaka kurudi kwenye sherehe yake.

"Akifa, watasema ni wewe uliyekataa pilau," Sele anasema.

"Watasema. Na akipona, watasema ni nadhiri ya mama yako. Mimi nimeshazoea."

Kisha Hasina anamweleza lililobaki. Mradi unafungwa mwisho wa mwezi. Dawa zipo wodini, lakini hakutakuwa na posho, pikipiki wala mtu wa kubisha hodi. Sindano zimebaki tatu, moja kila baada ya wiki mbili. Chumbageni amepanga vyumba viwili. Kimoja amekiondolea cherehani, akatia vitanda viwili. Aliwauliza wakubwa zake, wakamjibu kwamba huo si utaratibu.

"Niachie Mwatumu na mama yake mpaka ya sita. Wakitoka hao, ataingia mwingine."

"Mama yangu hatakubali."

"Mama yako sijamwomba. Nakuomba wewe."

Sele anaitazama dripu ikidondoka, tone baada ya tone. Anatoa simu, anampigia mkewe. Kule nyuma zinasikika kelele za wageni wakila.

"Funga nguo za Mwatumu," anamwambia. "Na zako."

"Za wiki sita," Hasina anadakia.