Mkia wa "-er" na Njia ya Baba Mkwe

Nilizaliwa Ipogolo, nikaolewa Unyakyusani, kwenye vilima vya kusini mwa Mbeya, na siku ya kwanza tu nikaharibu. Nilikutana na baba mkwe njiani, nikapiga magoti na kumwamkia, "Kamwene, baba," kama tulivyolelewa Iringa. Mzee wa watu aligeuza uso, akatumbukia mtaroni na kukaa humo mpaka nilipopita.

Kwa watu wake, mke wa mtoto haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Akimwona kwa mbali, anajificha. Mume wangu alinieleza hayo huku akicheka. Mimi sikucheka.

Asubuhi ndiyo ilikuwa taabu. Nilifundisha shule ya misheni ng'ambo ya mto, na njia ilikuwa moja, hiyo hiyo ambayo mzee aliipita kwenda kwenye kahawa yake. Naye hakuwa mtu wa haraka. Atasimama, atakagua mgomba huu, atawasha kiko. Mimi nimechutama kwenye majani yenye umande, daftari za wanafunzi nimezifunga kwenye kanga, nasikia kengele ya shule inalia. Nilichelewa mara nyingi mno, hata mwalimu mkuu akaniambia nikichelewa tena ataomba mwalimu mwingine. Nilikasirika sana. Kazi ile niliipenda, na sikuwa na njia ya kumwambia aliyekuwa akininyima.

Jioni moja tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, mama mkwe akaniuliza nimefundisha nini.

"Waingereza wana kamkia, -er," nikamwambia. "Wanakabandika nyuma ya neno la kazi, linakuwa mtu. Teach ni kufundisha, teacher ni mwalimu. Farm ni kulima, farmer ni mkulima."

"Na mpishi je?"

"Huyo ni cook tu, hapewi. Ukimpachika mkia, cooker, anageuka jiko."

Alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Sasa hako kamkia wamekatoa wapi?"

"Chuoni tuliambiwa kametoka kwa Warumi wa kale. Mababu wa Waingereza walikaazima zamani, kabla hawajavuka bahari kwenda kwenye kisiwa chao. Wamekazoea, sasa wanaona ni kao."

Mama mkwe hakuweza kukaa na habari. Kesho yake alirudi na swali. "Mzee anauliza, anayepewa hako kamkia ni mtu amelima mara moja, au yule analima kila siku?"

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza hivyo. Niliwaza sana, nikajibu kwamba mara nyingi ni wa yule anayeifanya kazi mpaka watu wakamjua kwayo. Aliyeshika jembe siku moja amejaribu tu. Halafu mdomo ukaniponza. Nikaongeza kwamba mkia wangu mimi u karibu kung'olewa, kwa kuwa kila asubuhi nachutama migombani wakati wenzangu wanafundisha.

Nilijuta papo hapo. Nilijua maneno yale yatafika kabla ugali haujaiva.

Siku tatu mzee hakuonekana njiani. Nikaogopa kwelikweli. Nikajiambia amekasirika, anamngoja mwanawe ili amwamuru anikalishe nyumbani. Siku ya nne nilisikia panga likifyeka bondeni, nikamuuliza mama mkwe kuna nini.

"Mzee anafyeka njia yake," alisema. "Anataka kuzungukia kule chini kwenda kwenye kahawa. Nimemwambia, gwe, kule kuna tope, na magoti yako ni mabovu. Amesema njia ya juu ni ya mwalimu."

Sikuruhusiwa kumshukuru. Niliendelea kufundisha shule ile kwa miaka mingi, na mzee akapita bondeni kwenye tope, mvua na kiangazi, mpaka alipokufa, bila sisi wawili kuzungumza hata neno moja.