Kupiga Magoti na Kuinuka

Mwanangu wa kwanza alipopunguzwa kazini mjini Dodoma, miaka ile kila mtu alipokuwa akiambiwa afungue biashara yake, alichukua kiinua mgongo akanunua mashine ya kusaga. Aliifunga kijijini kwetu, upande wa Mvumi, karibu na njia ya kisimani. Nilimshukuru Mungu. Wenzake waliopunguzwa naye walikuwa bado wanakaa vibarazani Majengo wakisubiri kuitwa tena.

Siku mashine ilipounguruma mara ya kwanza, alisaga debe langu la uwele kabla ya la mtu mwingine yeyote. Akaja nalo begani, akaingia jikoni, akalisimamisha jiwe langu la kusagia, upande wa kusagia ukitazama ukuta.

"Mama, umemaliza. Mambo ya jiwe yamekwisha."

Kwetu mama wa mtu mwenye uwezo hafanyi kazi. Akionekana na jembe au ndoo kichwani, watu humuuliza mwanawe kama amemsusa. Basi baada ya jiwe likaondoka jembe, na baada ya jembe kinu. Mkwe wangu alinipokonya hata ufagio, kwa adabu, akipiga goti. Kikaja kiti cha plastiki kutoka mjini, cheupe, chenye mikono. Nikakaa. Nilikula vizuri, nilisoma Biblia yangu mpaka jua kuzama, na kila aliyepita alisema, "Shikamoo bibi, umebarikiwa." Na kweli nilibarikiwa, sisemi vingine.

Kiangazi kilipokwisha, nilipiga magoti mezani pa Bwana kama nilivyofanya tangu ujana wangu. Nikapokea, nikasema amina, nikashindwa kuinuka. Miguu haikuniuma. Haikuwa na nguvu, basi. Wazee wawili wa kanisa wakanishika makwapani wakanisimamisha kama gunia. Baada ya ibada mchungaji akaniambia kwa upole kwamba tangu siku ile ataniletea meza ya Bwana pale pale nilipoketi.

"Asante, baba mchungaji," nikamwambia, "lakini usilete."

Akacheka. Alidhani natania.

Kesho yake, mkwe wangu alipokwenda shambani, nililigeuza jiwe nikalilaza. Nikapiga magoti nyuma yake, nikakaza vidole vya miguu sakafuni, nikamwaga konzi ya uwele, nikasukuma. Aliyewahi kusaga kwa jiwe anajua kwamba kazi ile si ya mikono. Unasaga kwa mapaja, kiuno na mgongo, unakwenda mbele, unarudi nyuma, na unga ukijaa unainuka kuuzoa, kisha unapiga magoti tena. Konzi ile ilipokwisha nililala chali pale chini, nacheka huku machozi yananitoka. Nikamwambia Mungu kuwa mwili huu ni wake, na alinipa niutumie, hakunipa niuweke kabatini. Siku iliyofuata nikasaga zaidi kidogo. Nilipozoea, nikaanza kuimba nyimbo za kanisani nikisaga, na hapo ndipo kijiji kiliponisikia.

Kisimani wanawake wakaulizana: mashine ile ina nini, hata mama wa mwenye mashine anaikimbia? Bila shaka unga unanuka dizeli. Wengine wakaanza kupeleka nafaka kijiji cha pili.

Mwanangu akaja mchana, vumbi la unga limemjaa mpaka kwenye kope.

"Mama, unaniua."

"Nimekufanya nini, baba?"

"Unasaga! Mimi ndiye mwenye mashine, halafu mama yangu anasaga kwa jiwe! Wanasema unga wangu hauliki."

"Ugali wa jana nani aliumaliza? Si mimi? Unga wako mzuri."

"Sasa jiwe la nini?"

"La miguu."

Akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili. "Miguu ya kwenda wapi, mama? Kila kitu nakuletea hapo ulipo."

"Na chooni utanibeba wewe?"

Akajipangusa unga kwenye kope. Kisha akasema Jumapili, baada ya ibada, atanipeleka mjini, Nzuguni, nikakae kwa binti yangu. Kule kuna bomba uani, na hakuna jiwe.

Nilimwelewa. Alikuwa na watoto wa kulisha na jina la kulinda. Lakini nilijua kwamba nikienda kule nitakalishwa tena, na anayekalishwa sana hatimaye hulazwa. Sikubishana. Nilisali, nikaendelea kusaga.

Jumapili aliazima pikapu. Godoro langu na sanduku vikafungwa kamba nyuma, akaiegesha pikapu nje ya kanisa. Wakati wa meza ya Bwana ulipofika nilikwenda mbele, nikapiga magoti, nikapokea. Wale wazee wawili wakaja, mikono tayari.

"Niacheni."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Mchungaji akasimama na kikombe chake, akangoja. Nikatanguliza mguu wa kulia, nikaweka kiganja juu ya goti, nikakaza paja na tumbo, na hasira kidogo, Mungu anisamehe. Nikatetemeka. Nikasimama. Wanawake wa nyuma wakapiga vigelegele katikati ya ibada, na mchungaji hakuwanyamazisha.

Mwanangu alikuwa mlangoni. Aliona yote. Tulipotoka nje nikamwambia, "Shusha godoro langu."

"Na watu, mama? Biashara je?"

"Watu waje kwangu. Nitawaambia unga wa ugali nasaga kwako, na wa uji nasaga mwenyewe. Anayetaka kujua sababu apige magoti hapa mavumbini, kisha ainuke bila kushika kitu. Hata wewe. Anza."

Alitazama suruali yake ya kanisani, akatazama watu waliokuwa wakitoka. Akapanda nyuma ya pikapu, akaanza kufungua kamba. Godoro liliposhuka nikashika upande mmoja.

"Mama, acha, ni zito."

"Shika upande wako," nikamwambia. "Twende nyumbani."