Siku Mjomba Alipomshushia Baba Gari

Juzi kule Msalato nilimwona fundi amelala chini ya gari, anamwambia mwenzake, "Shusha jeki." Nikageuza uso, mimi ambaye hata mwalimu wa zamu simwogopi.

Nilikuwa mdogo. Gari la baba lilikuwa likigonga kila likipita kwenye shimo, kwa hiyo yeye na mjomba wakawa wanabadilisha bushi za mbele, zile raba zinazozuia vyuma visigongane, pale uani. Zile za zamani walizichoma ili zitoke, na uani kote kukanuka raba iliyoungua. Mpya wakazipaka sabuni ya kipande, zikaingia. Muda wote mjomba alikuwa akisema, "Shemeji, ukifa gari hili langu." Baba anacheka. Mimi sikucheka, utani wa mashemeji nilikuwa siujui.

Matairi yakarudishwa. Kisha baba akajilaza chini ya gari, miguu tu nje, akasema, "Haya, shusha."

Mjomba akaanza kuzungusha jeki. Chuma kikalia kwiii, gari likawa linashuka. Nikamrukia, nikamng'ata mkono.

"Mama! Mjomba anamuua baba!"

Gari likatua. Miguu ya baba haikusogea.

Leo najua bolti za bushi hukazwa gari likiwa limekalia matairi yake, la sivyo raba hujipinda na kufa upesi. Siku ile nilijua kitu kimoja tu: nimeshakuwa yatima.

Sauti ikatoka chini. "Shemeji, mirathi imeahirishwa. Nipe spana."

"Njoo uichukue mwenyewe," mjomba akajibu, akipuliza mkono. "Mrithi halali ameshaning'ata."