Shangazi Alitaka Ukuta Ndani ya Diski

Ndugu kugombea kiwanja nimeshaona. Lakini kugombea kiwanja kilichomo ndani ya kidude cha kuenea mfukoni, hiyo niliiona kwetu sebuleni.

Babu alipofariki aliacha diski ya nje yenye video zake. Babu akinyoa ndevu huku anaimba. Babu akigombana na paka.

Diski ikaanza kugoma. Baba mkubwa akaniita.

"Wewe si umesomea kompyuta? Muokoe babu yako."

Mimi ni mtu wa aibu. Hata simu ikiita, huwa naiangalia tu mpaka ikate.

Nikazihamishia video kwenye laptopu yangu, inayotumia Linux, si Windows kama kompyuta zao. Kisha nikawaeleza, kwa sauti ya mbu, kwamba diski nitaifuta na kuifomati upya. Wakipenda, naweza hata kuigawa, kila kipande kikajitegemea.

Shangazi akakaa wima. "Kumbe inagawanyika? Basi mimi na kaka kila mtu na chake! Tutapokezana."

"Mimi ndiye mkubwa," akasema baba mkubwa. "Nipe cha mbele."

"Cha mbele kwa lipi? Unataka kunibana!"

"Shangazi, vipande viko sawa."

"Katikati weka ukuta."

"Upo."

"Mrefu?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Tangu mazishi hawa wawili hawajakaa meza moja. Sasa kila mmoja angejifungia kwake na baba yake.

Nikaingia chumbani. Nikakagua mara mbili kwamba ninayoifuta ni diski ya babu, si ya laptopu yangu. Nikagawa, nikafomati, nikarudisha video zote pande zote mbili.

Siku chache baadaye, shangazi huyo mbio, diski mkononi.

"Kompyuta yangu inasema niifomati, haioni kitu! Kaka ameruka ukuta!"

Baba mkubwa nyuma yake, anahema. "Nimeijaribu na kwangu, ni hivyo hivyo! Kala vyote huyu!"

"Msibonyeze kitu," nikasema. "Nimeifomati kwa mtindo wa Linux. Inasomeka kwangu tu."

Wakaketi kitandani kwangu bega kwa bega, maana kiti ni kimoja. Nikaichomeka kwenye laptopu yangu. Babu akatokea, povu shavuni, akaimba.

Shangazi akalia. Kaka yake akampa leso. "Sauti mbaya hiyo umeirithi wewe."

"Nyamaza, tusikilize."

Sasa wanakuja kila wiki. Jana baba mkubwa akaniuliza, "Hakuna namna ya kuifanya isomeke na kwetu?"

"Ni ngumu sana, baba," nikajibu, macho sakafuni.

Ngumu wapi, jamani! Ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Funzo: mtu wa aibu hawezi kuwaambia wakubwa wapatane. Ila mpe diski.