Niliifanya Kompyuta Iseme Dawa Imeagizwa

Kosa ni langu, na nimechoka kuona mwingine analibeba. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa Mahajanga, Madagaska, wanaokisoma ni wachache. Ndiyo, mwoga! Niiteni hivyo.

Nilitengeneza programu ya kuagizia dawa kutoka bohari yetu. Ofisini kompyuta zilikuwa zimeunganishwa kwa waya, mambo yakienda chapuchapu. Bosi akasema tuipeleke pia kwenye zahanati ya Dzamandzar, kisiwani Nosy Be. Kule mtandao ulikuwa wa kusuasua. Ukibofya "tuma", skrini inaganda robo saa.

Muuguzi wa pale, Zaina, Mngazija mwenzangu, akanipigia simu. "Azafady, samahani kaka, mashine yako imekwama tena. Acha nimtumie dereva karatasi kwa boti pale bandarini Ankify, kama zamani."

Kweli, miaka yote maombi yao yalisafiri mfukoni mwa dereva wa teksi, na yalifika. Nilimcheka! Nikamwambia hayo ni mambo ya babu zake, asithubutu tena.

Nilijua la kufanya: kulipunguza ombi uzito lipite kwenye laini nyembamba, na skrini imwambie mtu kama bado halijafika. Kazi ya wiki tatu. Mimi nikafanya ya siku moja! Ukibofya tu, skrini inaandika "limepokelewa", kumbe ombi limekaa palepale linasubiri laini. Malalamiko yakaisha. Bosi akanisifu mbele ya watu, nami nikachekelea.

Laini ikakatika siku tisa. Zaina alikuwa ameagiza insulini ya Mama Echati, mgonjwa wa kisukari. Kila asubuhi anafungua kompyuta, inamwambia limepokelewa. Anamtuliza yule mama: dawa iko njiani. Njiani wapi! Mama Echati akafa.

Zaina akaitwa Mahajanga. Ombi liliingia bohari mama amekwisha kufa, likiwa na tarehe ya siku lilipoingia, basi ikasemwa hakuagiza mapema. Alilia akiapa kwamba aliliona neno "limepokelewa" kwa macho yake. Nilikuwa chumba hichohicho, jamani, nikanyamaza! Akafukuzwa kazi. Wiki iliyofuata nikairekebisha programu kimyakimya.

Sasa anafua mashuka ya hoteli kule Andilana, kisiwani hukohuko. Mwaka jana nilimfuata nikamweleza yote. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Watoto wa Mama Echati wanaamini nilimsahau mama yao," alisema. "Utakwenda kuwaambia lini?"

Nikapanda boti ya kurudi. Mpaka leo sijaenda.

Ninyi mnaotengeneza programu mkiwa kwenye mtandao wa kumwaga, nendeni kwanza mkakae kwenye laini mbovu, mtoke jasho pamoja na wanaoitumia. Kitu hakijafika? Andikeni hakijafika, hata kama bosi atanuna! Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, palepale. Ukichelewa utakuwa kama mimi: unawaungamia watu usiowajua, na watoto wa marehemu hawajasikia neno.