Magunia Tisini na Sita ya Sindeni

Sindeni kulikuwa na magunia thelathini na mawili ya mahindi. Niliyahesabu mwenyewe, nikarudia, maana hesabu ya mara moja siiamini hata nikiifanya mimi. Ukurasa wa mtandaoni niliowatengenezea kina mama wa kikundi cha kule, waandike mzigo uliopo ili mwenye lori wa Korogwe auone na kupanga safari, ulisema tisini na sita.

Mwenye lori alishatuma fuso kwa hesabu hiyo, likakuta theluthi tu, likarudi bila kupakia. Akanipigia simu nikiwa nyumbani Chanika.

"Kijana, hicho kitu chako kinazaa. Alhamisi ni mara ya mwisho. Kikinidanganya tena, gari nalipeleka Mkumbara, wenzenu wanaandika kwenye karatasi."

"Mzee, nipe mpaka Jumamosi."

"Alhamisi."

"Basi Ijumaa, kabla ya swala."

"Alhamisi. Ukiendelea kupatana itakuwa Jumatano."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Lori likihamia Mkumbara, mahindi ya kina mama yangebaki ghalani yakiliwa na dumuzi, na aliyewatoa kwenye karatasi ni mimi.

Nikakaa na laptopu. Nilibonyeza kitufe cha kutuma mara hamsini, na kila nilipobonyeza, gunia moja liliingia kama moja. Nikainuka, nikazunguka nyumba, nikarudi, nikabonyeza tena. Jumanne ikapita hivyo. Nilifikiria kugawa kwa tatu nikalale, lakini kumbukumbu zilionyesha mmoja kaingiza mzigo wake mara mbili, mwingine mara sita. Hakuna namba ya kugawanya fujo ya namna hiyo.

Jumatano nikapanda bodaboda. Katibu wa kikundi nilimkuta uani, anapepeta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kuhesabu tena?"

Nikamwomba aandike mzigo kama anavyofanya siku zote, ajifanye sipo. Akafuta mikono kwenye khanga, akafungua simu yake ya kupangusa. Ukurasa ukaandika: Sindeni, hakuna mzigo. Chanika sentensi hiyo sikuwahi kuiona; mtandao wa kule una kasi, orodha ilikuwa inaiwahi. Hapa ilikaa tu, imetulia kama mwenye nyumba.

"Unaona? Kimekula vya jana. Kila nikifungua nakuta kimekula, naandika upya."

Akaandika, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza ya tatu, akaiweka simu juu ya kigoda na kurudi kwenye ungo.

"Mbona mara tatu, mama?"

"Mwanangu, kwenu hodi mnabisha mara ngapi? Tatu. Asipoitika mtu, naondoka zangu. Nikitoka kisimani narudi, nabisha tena."

Dakika moja baadaye orodha ikafika, na hodi zake zote tatu zimo, pamoja na za jana.

"Ah, kumbe walikuwamo ndani," alisema.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa mawili. Ukurasa ulitangaza sifuri kabla orodha haijafika. Kitufe nacho kilipokea kila mguso bila kuitikia hata mmoja. Nikakaa juu ya gunia nikaandika upya: orodha ikiwa njiani, ukurasa useme subiri, inakuja. Mguso wa kwanza ukishaingia, kitufe kilale, kijibu kimepokea. Kisha nikafuta yaliyojirudia, jina kwa jina, katibu akinisomea. Kupeleka marekebisho nilipanda juu ya kichuguu, simu mkononi, mtandao ukija na kukata, kina mama wakinitazama.

Katibu akajaribu. Mguso mmoja, akasoma.

"Kumbe kina mdomo." Kidole kikainuka tena.

"Mama, usiguse."

"Hata hodi moja ya adabu?"

Alhamisi nilifika Sindeni kabla ya gari. Ukurasa ulisema thelathini na mawili. Nikaufungua kila baada ya hatua chache, mpaka mmoja wa kina mama akaniambia nikae chini, namtia kizunguzungu. Fuso halikuja. Lilikuja kanta, lori dogo, kwa sababu safari hii mzee alijua anatuma gari la kubeba nini. Wapakiaji walipomaliza, dereva alifunga turubai bila kubakiza nafasi ya kuweka hata debe, akashika njia ya Korogwe.

Katibu akaingia ghalani na ufagio. Akaniambia nitoke mlangoni, namkanyagia taka.